Kabla ya Kumuuliza Muuza Ruta, Iulize Nyumba Yako

Wacha nianze kwa kukiri, manake najua kuna wanaonifuata hapa wakidhani mimi ni mtaalamu wa mitambo. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilinunua ruta ya shilingi 9,500. Ina antena sita. Ukiitazama kwa mbali ni kama buibui aliyelala chali. Siku niliyoileta nyumbani nilipiga picha nane, nikaweka status, na watu wakanipongeza kana kwamba nimenunua gari.

Intaneti chumbani kwangu haikubadilika hata kidogo.

Na zile pesa hazikuwa zangu. Zilikuwa za mama.

Najua ukitafuta ushauri wa ruta utapata orodha kumi: nunua hii, usinunue ile, hii ina nyota tano. Mimi sikupi orodha. Nataka nikuambie vile nilivyokosea, hatua kwa hatua, kwa sababu makosa yangu ndiyo naona watu wengi mtaani wanayafanya, halafu wanalaumu kampuni, wanalaumu jirani, wanalaumu hata mvua.

Nyumbani ni Majengo, Mombasa. Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ile aliyoijenga babu: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na uwani nyuma. Kuta ni nene, mawe na udongo na chokaa, ukigonga msumari unapinda. Vyumba viwili tumepangisha. Mama anakaanga viazi karai na mahamri pale barazani, asubuhi na jioni. Mdogo wangu wa kike anasoma diploma, na masomo yake ya jioni ni ya Zoom. Mimi nilitoka chuo kikuu mwaka wa pili. Sitaki kuieleza sana hiyo leo, ila karo ilikuwa shida na moyo pia haukuwepo. Sasa natengeneza vidio: zangu mwenyewe, na za biashara ndogo ndogo zinazotaka kutangazwa.

Mkijua hivyo mtaelewa kwa nini intaneti kwangu si ya kuangalia muziki tu. Ndiyo duka langu. Mjomba akija Ijumaa huuliza, "Kwani hiyo intaneti inakulisha?" Mama humjibu kabla sijafungua mdomo: "Mwache mtoto, ana kazi yake." Kila akinitetea hivyo nasikia vizuri, na nasikia deni.

Tulikuwa na faiba ya megabiti 15. Waya unaingia chumba cha mbele, ambacho ndicho sebule, na kile kisanduku cha kampuni kimefungwa nyuma ya televisheni. Chumba changu ni cha mwisho kabisa, karibu na uwani. Ukikaa sebuleni mambo yanaenda. Ukifika kwangu, kigurumo: vidio inazunguka, inazunguka. Mimi nikaamua tatizo ni kile kisanduku cha bure. Nikasema, nikipata ruta ya maana, yenye nguvu, nitapasua hizi kuta.

Mama alikuwa amepokea zamu yake ya chama. Nikamwomba 9,500. Nikamwambia kuna mteja wa Diani, mwenye nyumba za kukodisha wageni, anataka vidio na atalipa 12,000, kwa hivyo nitarudisha kabla mwezi haujaisha. Zile pesa zilikuwa za unga na mafuta ya kupikia, ya jumla. Akanihesabia noti mezani bila kuuliza swali. Aliuliza moja tu siku ruta ilipofika, alipoona naichomeka nyuma ya televisheni, pale pale palipokuwa na ile ya zamani.

"Si uiweke hapo ukumbini katikati, kila mtu apate?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, hii si kandili."

Kumbukeni hilo jibu. Nitalirudia.

Sasa niwaambie nilichonunua, na kwa nini hakikunisaidia.

Kwanza, ruta haiongezi intaneti. Hili ningelijua mapema ningelala na pesa zangu. Ruta inagawa kile kilichoingia kwa waya. Ukilipia megabiti 15, hata ukinunua ruta ya laki moja, zitatoka zile zile 15. Ni kama bomba: ukibadilisha mfereji wa jikoni ukaweka wa dhahabu, maji hayataongezeka ikiwa mtungi juu ni ule ule. Na kuna siku tatizo haliko hata kwa kampuni yako. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, intaneti ikazorota Kenya na kwa majirani. Sisi tunaishi Mombasa, mji ambao nyaya kama SEACOM na TEAMS zinatoka baharini na kupanda nchi kavu tangu 2009, na bado tulikaa tukitazama duara likizunguka. Siku kama hiyo hata ungekuwa na ruta kumi.

Pili, zile nambari kubwa kwenye boksi. Yangu iliandikwa AX3000, na muuzaji mjini akaniambia, "Kaka, hii inakupa tatu elfu." Niliamini. Kumbe ile 3000 ni kujumlisha. Ruta nyingi za sasa zinatumia mikanda miwili ya mawimbi, ule wa gigahezi 2.4 na ule wa gigahezi 5. Kwa AX3000 wanachukua megabiti 574 za mkanda mmoja, wanaongeza 2,402 za mwingine, wanakaribia 3,000, wanaandika. Ile ya AC1200 ni 300 na 867. Simu yako kwa kawaida inashika mkanda mmoja kwa wakati, kwa hivyo ule mjumlisho huupati popote. Na hata zile nambari zenyewe ni za kinadharia, hazijawahi kukutana na ukuta wa babu yangu.

Tatu, antena. Nilidhani antena sita ni nguvu mara sita. Sivyo. Nguvu ya mawimbi ina kikomo kinachowekwa na wasimamizi, hapa kwetu ni Mamlaka ya Mawasiliano, na kuongeza antena hakukipandishi. Antena nyingi zinasaidia kupeleka na kupokea data kwa njia kadhaa kwa pamoja, ikiwa simu nayo ina uwezo huo. Lakini kuna jambo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia: mawasiliano ni ya pande mbili. Ruta inaweza kupiga kelele hadi simu yako isikie kutoka chumba cha mwisho, ila simu nayo lazima ijibu, na simu haina antena sita. Ruta inapiga kelele, simu inanong'ona. Ndiyo maana unaweza kuona alama zimejaa na ukurasa haufunguki.

Nne, na hii iliniuma zaidi: kompyuta yangu. Niliinunua mtumba nikiwa mwaka wa kwanza. Ruta yangu ilikuwa ya Wi-Fi 6, mpya, inang'aa. Kompyuta yangu ni ya Wi-Fi 4, teknolojia ya 2009, na haioni kabisa mkanda wa gigahezi 5. Sasa vikikutana, vinaongea kwa lugha ya yule mzee. Nililipia Wi-Fi 6 nikawa natumia Wi-Fi 4, kwenye mkanda ule uliojaa watu.

Na kujaa si utani. Ule mkanda wa 2.4 unapenya kuta vizuri kuliko wa 5, lakini una nafasi finyu. Ndani yake chaneli zisizokanyagana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Kuna programu za bure za simu zinazokuonyesha nani yuko chaneli gani. Nilipoifungua siku moja usiku nilihesabu netiweki 19 kutoka chumbani kwangu. Moja inaitwa "Lipa Kwanza". Nyingine inaitwa "Usiniulize Paswadi". Wote tumesongamana kwenye chaneli zile zile, kama abiria wa feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi. Hata oveni ya maikrowevu inatumia mawimbi ya hapo hapo. Ule mkanda wa 5 una nafasi zaidi na kasi zaidi, ila ukuta mnene unauchosha haraka. Kwa hivyo chagua: upate kasi karibu, ama ufike mbali polepole. Huwezi kuamrisha vyote viwili kwa kununua buibui.

Basi usiku wa ile kazi ya Diani ukafika. Vidio ilikuwa gigabaiti 3. Mteja alitaka aipate kabla ya saa mbili asubuhi, alikuwa na mkutano na watu wake. Hesabu ni rahisi: baiti moja ni biti nane, kwa hivyo gigabaiti 3 ni kama megabiti 24,000. Kwa kasi ya 15 ni dakika 27 hivi. Nikajua nina muda, nikaendelea kupamba rangi hadi saa tisa usiku. Nilipoanza kupandisha, chumbani kwangu nilikuwa napata megabiti moja na nusu. Hiyo ni saa nne na nusu, ikiwa haikatiki. Ilikatika mara mbili, na kila mara ikaanza upya. Saa moja asubuhi nikabebesha simu, nikanunua bando, nikapandia juu kwenye tangi la maji kutafuta netiweki. Mteja aliipata saa tano. Alinijibu vizuri tu: asante, wameshatumia picha walizokuwa nazo, pengine siku nyingine.

Sikulipwa. Hatukuwa na mkataba, nilikuwa najifunza.

Sebule ilikuwa hatua kumi na tano kutoka nilipokuwa. Ningechukua kompyuta nikaenda kukaa karibu na ruta, ile vidio ingefika. Lakini sikufikiri hivyo. Nilishajiambia ruta ya 9,500 haiwezi kuwa tatizo, basi tatizo ni kampuni. Niliipigia simu asubuhi ile nikafoka.

Mama alinunua unga kwa mkopo wiki ile. Hakuniambia. Nilimsikia akiongea na mwenye duka. Mimi nikawa natoka kupitia mlango wa uwani ili nisimpite barazani.

Kampuni ilimtuma fundi siku ya pili. Alikuwa dada mmoja, pengine ananizidi miaka mitano, na begi la zana. Nikamwonyesha ruta kwa fahari, nikamwambia hii si kitu cha kuchezea, kwa hivyo laini yenu ndiyo mbovu. Hakubishana. Alitoa kompyuta yake, akaiunga kwa waya moja kwa moja kwenye kisanduku cha kampuni, akapima. 15. Akaiunga kwenye ruta yangu kwa waya, akapima. 15. Akachomoa waya, akapima kwa mawimbi akiwa amesimama pale pale. 15. Akaanza kutembea. Mlango wa sebule, 14. Ukumbini katikati, 9. Mlango wa chumba changu, 3. Kitandani kwangu, moja na kitu.

Akaniambia, "Kaka, ruta si mbaya na laini si mbaya. Wewe hukuiuliza nyumba."

Akanionyesha. Kutoka nyuma ya televisheni hadi kitandani kwangu mawimbi yanapita televisheni yenyewe, kabati la vyombo, friji, na kuta tatu, tena kwa mshazari, ambako ukuta mnene unakuwa mnene zaidi. Chuma na maji ni adui wa mawimbi. Friji ni chuma. Tangi ni maji. Na ile ruta ya zamani ya kampuni ilikuwa bado inarusha waifai yake hapo hapo, sentimita thelathini kutoka kwa mpya, chaneli moja. Nilikuwa nimejiwekea jirani mwingine ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

"Kwa nini hukuiweka ukumbini?" akauliza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na upawa wa viazi. Mimi nikatazama sakafu.

Nikasema ukweli: waya uliokuja kwenye boksi ni mfupi, kama mita moja. Akacheka kidogo. Waya wa mtandao unaweza kwenda hadi mita 100 bila shida. Tulinunua mita 20 mjini, shilingi 1,000. Yeye alirudi jioni baada ya kazi, nikamlipa 500, akaupitisha juu ya fremu za milango hadi katikati ya ukumbi. Ruta ikapanda ukutani, juu ya kichwa cha mtu, antena zikisimama wima. Mawimbi ya antena iliyosimama hutawanyika pembeni kama duara, kwa hivyo ukizilaza ovyo unayapeleka darini na sakafuni. Akazima waifai ya kisanduku cha zamani, akaiacha ipitishe laini tu. Akahamisha mkanda wa 2.4 kwenye chaneli iliyokuwa na watu wachache. Na kompyuta yangu, kwa vile ni mzee, akaipa waya wake kutoka kwenye ruta hadi mezani kwangu.

Nikapima chumbani. 15, kwa waya. Simu, bila waya, 11.

Shilingi 1,500 zilifanya kile ambacho 9,500 zilishindwa. Na ukiniuliza, hata kile kisanduku cha bure, kingepelekwa ukumbini, kingetosha kwa nyumba yetu na kifurushi chetu.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na anayepinga apinge: watu wengi hawahitaji ruta mpya. Wanahitaji kuihamisha ile waliyo nayo. Na anayehitaji kweli, asianze na muuzaji. Aanze na maswali haya, kwa mpangilio huu.

Je, laini yenyewe inafika? Unga kompyuta kwa waya kwenye kisanduku cha kampuni, upime. Kama hata hapo unapata nusu ya unachokilipia, usinunue kitu, piga simu. Huna kompyuta yenye tundu la waya? Simama na simu karibu na ruta, watu wengine wote wakiwa wamezima zao, mchana na tena usiku.

Je, iko wapi? Katikati ya nyumba, juu, wazi. Si nyuma ya televisheni, si ndani ya kabati, si chini ya kitanda ati isiibwe, si kando ya friji. Kama unaishi chumba kimoja, basi ndugu yangu, ruta yoyote itakutosha, tumia pesa zako kwa chakula. Kama ni nyumba ya mabati, elewa kwamba bati linarudisha mawimbi. Ya ndani hayatoki vizuri, ya nje hayaingii vizuri.

Je, vifaa vyako ni vya miaka gani? Tazama simu na kompyuta za watu wa nyumba. Kama zote ni za zamani, ruta ya Wi-Fi 6 itawasubiri hadi mnunue nyingine. Lakini ikiwa mko wengi na simu ni za karibuni, hapo Wi-Fi 6 inasaidia, manake ilitengenezwa kuhudumia vifaa vingi kwa pamoja. Kwa nyumba nyingi ninazozijua, ruta ya mikanda miwili ya daraja la kati inatosha.

Je, unajua unanunua aina gani? Hili limewaliza wengi. Kuna ruta ya kuingiza laini ya simu, na kuna ruta ya kuingiza waya tu. Zinafanana sura. Rafiki yangu alinunua ya waya akarudi nyumbani na laini yake ya simu mkononi, anatafuta pa kuitia. Na ukinunua ya mtumba, hakikisha haijafungwa kwa kampuni moja, na kwamba mtengenezaji bado anaitolea masasisho. Ruta isiyosasishwa ni mlango usio na kitasa.

Je, tundu zake ni za kasi gani? Nyingine za bei nafuu zina tundu za megabiti 100. Ukiwa na kifurushi kama changu hiyo si shida, okoa pesa. Ukiwa na kifurushi cha zaidi ya 100, tafuta zilizoandikwa gigabiti, la sivyo unalipia kasi inayokwama mlangoni.

Na stima? Sisi tunajua inavyopotea. Geuza ruta usome nyuma: nyingi ni volti 12. Kuna vibetri vidogo vya kuihifadhi, vinavyoendesha ruta na kisanduku cha faiba kwa saa kadhaa. Linganisha volti na ampia kabla ya kununua. Mimi sasa naona hicho kingekuwa na faida kwangu kuliko antena sita.

Ukimaliza kuiweka, badilisha ile paswadi ya kiwandani ya kuingilia mipangilio, manake kila mtu mtaani anajua ni admin na admin. Chagua ulinzi wa WPA2 ama WPA3. Zima WPS, kile kitufe cha kuunganisha haraka, kwa sababu udhaifu wake unajulikana tangu 2011. Na kama una wapangaji kama sisi, wafungulie netiweki ya wageni. Wetu wawili sasa wanachangia bili, kila mmoja na sehemu yake, na hakuna anayeingia kwenye kompyuta yangu.

Kuhusu zile ekstenda za kuchomeka ukutani, usizikimbilie. Nyingi zinasikiliza na kusema kwa redio ile ile, kwa hivyo kasi inapungua njiani. Kama ukuta unakuruhusu, waya ni bora. Haung'ai, haupigwi picha, lakini unafanya kazi.

Namlipa mama 500 kila wiki. Hesabu ni wiki 19. Nimelipa 12, zimebaki saba. Hakuniomba nimlipe hivyo, na wiki ya kwanza alizikataa, nikaziacha chini ya kopo la hiliki. Sasa anazipokea, anaziandika kwenye daftari lake la chama, jina langu na tarehe, kama mwanachama mwingine yeyote. Nampita barazani siku hizi. Mjomba bado anauliza swali lake la Ijumaa. Juzi nilimjibu mwenyewe.

Kitu cha mwisho. Wiki moja baada ya ruta kuhamia ukumbini, nilitoka chumbani usiku nikamkuta mama uwani, amekaa kwenye kibao anamenya viazi vya kesho, simu ameiegemeza kwenye sufuria. Alikuwa anaongea na khaloo, dada yake aliye Muscat. Wanaonana uso kwa uso, wanacheka, khaloo anamwambia asimenye nene. Mama alikuwa akiongea naye miaka yote hii, lakini kwa kutoka kwenda kusimama sebuleni, dakika tano, kisha anarudi kwenye kazi. Uwani netiweki haikufika. Mimi nilikuwa natafuta intaneti ya chumba changu, sikuwahi kuuliza yeye anaihitaji wapi.

Khaloo aliniona nyuma akaniita, akauliza, "Ndiyo ile ruta yako ya antena sita?"

Mama akajibu kabla yangu, bila kuinua kichwa, kisu kinaendelea na viazi. "Ndiyo hiyo. Tumeitundika ukumbini, pale ilipokuwa kandili ya babake."